Choo Kisichomeza

Aliyemwambia Muhiba kwanza habari ya choo kile alikuwa Ndindi, jirani wa mlango wa pili, siku ileile walipohamia. Muhiba alikuwa na tumbo la miezi minane. Alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa katikati ya sebule tupu, na mumewe Saad alikuwa chini akisaidiana na mwenye mkokoteni kupandisha kabati. Ndindi akaingia na birika la chai na vikombe viwili, akalitazama tumbo, akatabasamu, kisha akainua kidevu kuelekea mlango mwembamba uliokuwa mwisho wa ushoroba.

"Karibu, jirani. Nyumba ni nzuri, jua inaingia. Lakini choo chenu hakimezi."

"Hakimezi vipi?"

"Utavuta mnyororo mpaka mkono uchoke. Maji yanashuka kama uji, yanazunguka, yanatulia. Kile ulichoacha kinakutazama tu." Ndindi akacheka, akamimina chai. "Waliokaa hapa mbele yenu walikuwa wanamwaga karai. Halafu unajua maajabu yake? Ukishaondoka, umekaa zako unakula, unasikia kimemeza. Chenyewe. Kinameza kikitaka."

Muhiba akacheka naye. Mtu aliyetoka Majengo, kwenye chumba kimoja na choo cha shimo kinachotumiwa na ploti nzima, hatishwi na choo kivivu. Hapa Eastleigh walipata vyumba viwili, ghorofa ya tatu, maji ndani, na mlango wao wenyewe wa kufunga. Aliona Mungu amempendelea.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame, mwaka wa unga wa manjano wa msaada. Mfereji ulitoa maji asubuhi, ukakohoa, ukanyamaza mpaka kesho yake. Kwa hiyo hakuna tone lililomwagwa bure. Maji yaliyoosha mchele yaliosha sufuria, yaliyofulia yalipiga deki, na yaliyobaki, hata yawe meusi namna gani, yaliwekwa kwenye karai nyuma ya mlango wa choo ili yasukumie.

Mwenye nyumba alipoambiwa alisema choo hakina ubaya, wapangaji ndio hawajui kuvuta. Saad akamwita Munyoki, mume wa Ndindi, ambaye kazi yake ilikuwa mabomba. Munyoki akapanda juu ya stuli, akalifunua tangi lililokuwa juu ukutani, akaingiza mkono mpaka kwapani. Akabadilisha hiki, akakaza kile. Akashuka, akapitisha waya mrefu kwenye bakuli mpaka waya ukaisha. Akavuta mnyororo. Maji yakashuka kwa kishindo kutoka tangini, yakafika bakulini, yakapoa. Yakazunguka taratibu, kama mtu anayetafuta pa kukaa.

"Mama, hii choo haina makosa," alisema Munyoki, akijifuta mikono kwenye suruali. "Tangi imejaa, presha iko, raba nimeweka mpya. Waya haijagusa kitu."

"Mbona hakimezi basi?"

Munyoki akakuna kichwa. "Labda haina njaa."

Ndindi aliyekuwa mlangoni akampiga mumewe kofi la mgongo, wote wakacheka, na mambo yakaishia hapo.

Muhiba akajifungua salama mtoto wa kiume, akaitwa Zubeiri. Mama yake Muhiba alikuwa Malindi akimuuguza baba, hakuweza kuja, lakini alimtuma mtu aliyekuwa akipanda Nairobi amfikishie neno: kitovu cha mtoto kikianguka kisitupwe. Kifungwe kwenye kitambaa cheupe, na Saad akipata ruhusa kazini akipeleke Malindi kikazikwe uani kwa bibi yake. Kwani mtu kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake. Aendeko kokote, ardhi ile itamwita, naye atarudi.

"Waambie nimesikia," alisema Muhiba.

Alikuwa mama kwa mara ya kwanza, kila kitu kigeni kwake, hata mwili wake mwenyewe. Maziwa yake hayakungoja. Zubeiri akilia tu, hata akiwa chumba cha pili, maziwa yalishuka yenyewe na leso kifuani ikalowa. Siku moja mtoto wa Ndindi na Zubeiri walilia pamoja, mmoja ukumbini na mwingine ndani. Alipoanza wa Ndindi, leso ikabaki kavu. Alipoanza Zubeiri, ikalowa. Ndindi alishika kiuno akacheka mpaka machozi.

"Mama Zubeiri, maziwa yako yana masikio!"

Ndindi ndiye aliyekuwa akimwogesha mtoto, maana Muhiba alikuwa bado akiogopa kumshika akiwa na maji. Asubuhi moja alimwogesha, akamkausha, akamfunga vizuri, akamweka kitandani. Papo hapo mwanawe mwenyewe akamwita kwa kilio, akaondoka mbio. Muhiba akabaki na beseni. Tangu alfajiri choo kilikuwa kimekataa katakata. Saad alikuwa amevuta mnyororo mpaka akaenda kazini na hasira, kwani kiwanda chao cha mablanketi kule Industrial Area hakimsubiri mtu. Basi Muhiba akalibeba beseni, akaingia chooni, akamimina maji ya mtoto yote kwa mara moja.

Kikameza.

Hakikuzunguka wala hakikusita. Kilivuta maji yale kwa sauti ya koo, kama mtu aliyefunga tangu jana anayepewa gilasi ya kwanza, kisha kikatoa pumzi. Muhiba akasimama na beseni tupu mkononi, akafurahi. "Leo!" alijisemea. Akaenda chumbani amnyonyeshe mwanawe. Alipofungua leso akaona tumbo la mtoto ni safi na laini, na kitovu hakipo. Palibaki tundu dogo jekundu tu.

Alikung'uta leso. Akakung'uta nepi, taulo, shuka. Akapiga magoti akapapasa sakafu mpaka chini ya kitanda. Mwisho akarudi kusimama mlango wa choo, akalitazama bakuli jeupe na maji yake yaliyotulia, akajua.

Jioni Saad akauliza, "Kitovu bado?"

"Kimeanguka. Nimekifunga."

"Vyema. Nikipata ruhusa nitakipeleka."

Muhiba akageukia jiko. Alijiambia ni kipande cha ngozi kavu tu, na Mungu ndiye amlindaye mtoto, si ngozi.

Tangu siku hiyo choo hakikukubali maji mengine isipokuwa ya kumwogeshea Zubeiri. Ya sabuni kilikataa, ya mchele kilikataa, ya tangi kiliyachezea tu. Lakini beseni la mtoto likimiminwa, kilimeza mpaka povu la mwisho. Na chooni pakaanza kunuka. Haikuwa harufu ya choo. Ilikuwa harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, katika mwaka ambao mvua ilikuwa haijaonekana, na ndani ya harufu ile palikuwa na kitu kitamu kilichochacha, kama maziwa ya mama yaliyokaukia nguoni.

Zubeiri naye akawa halali ila kwenye ushoroba, karibu na mlango ule. Chumbani alijinyonganyonga na kulia. Akiwekwa pale kwenye mkeka, alifumba macho. Muhiba alisema ni kwa sababu ya ubaridi wa sakafu. Alikuwa katika arobaini yake, hatoki nje, na hakuna aliyetarajia atoke. Ndindi alimletea mboga, Saad alimletea mkate. Mtu aliyefungwa mlango naye hataki kutoka hajui kwamba amefungwa.

Alasiri moja jengo zima lilikuwa kimya, watoto wako shuleni na wanaume kazini, jua limelala sakafuni kama kitambaa cha njano. Muhiba aliketi kwenye mkeka akimpapasa mtoto mgongo na kumwimbia wimbo aliojitungia mwenyewe, usio na maana:

"Lala mwanangu lala, baba arudi na ndizi, moja yako, moja yangu, ganda tumpe nzi."

Alipofika "baba arudi" akasikia, ndani ya choo, mtu akiimba "mwanangu lala." Akanyamaza. Sauti ile nayo ikamaliza neno lake, ikanyamaza. Akaimba tena, polepole, na sauti ikamfuata nyuma kwa neno moja, sauti ya mwanamke, nyororo, yenye maji ndani yake. Muhiba akajiambia bomba linarudisha sauti. Majumba ya ghorofa yana mambo yake. Lakini siku nyingine, alasiri kama ile, alikuwa ameketi palepale kinywa kimefumba, hajaanza kuimba, anafikiria tu aanze, na kule ndani sauti ikaanza kabla yake, ikaimba wimbo wote toka mwanzo hadi mwisho, na ilipofika "moja yako, moja yangu" ikairudia, ikairudia tena, na mtoto mkekani akafungua macho, akaugeukia mlango wa choo, akatabasamu, yeye ambaye alikuwa hajapata kumtabasamia mtu yeyote.

"Saad," alinong'ona usiku ule. "Kuna mtu chooni."

"Nani?"

"Mwanamke. Anamwimbia mtoto."

Saad akasema kwa upole, kama mtu anayesema na mgonjwa, "Umekaa sana ndani, mke wangu. Arobaini ikiisha utatoka, upate hewa, yatakwisha haya."

Arobaini ikaisha. Shangazi yake Saad alikuwa amepika pilau Pumwani akiwasubiri. Muhiba akavaa buibui lake, akamfunga Zubeiri kwenye shali nyeupe, Saad akafungua mlango, na Ndindi akatoka kwake kupiga vigelegele.

Muhiba akavuka kizingiti.

Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomtisha kwanza. Alifungua kinywa kama anayetaka kulia na hakuna kilichotoka, na uso wake ukabadilika rangi mikononi mwa mama yake, midomo kwanza, kisha kucha, kisha kope, rangi ya wino, na mwili wake mdogo ukakakamaa na kuelekea nyuma, nyuma, kule ndani, kama uliofungwa kamba tumboni na mtu ameshika ncha ya pili na anaivuta bila haraka.

"Hapumui!" alipiga kelele Ndindi. "Mama Zubeiri, mtoto hapumui! Mrudishe!"

Muhiba akarudi nyuma hatua moja. Zubeiri akavuta pumzi, akapiga kilio, damu ikamrudia usoni.

Saad hakuamini. Alimchukua mwenyewe, akasoma dua, akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Muhiba akaona mgongo wa mumewe ukiganda. Saad akarudi ndani jasho likimtiririka, akamweka mtoto kwenye mkeka wa ushorobani, na kwa muda mrefu hakumtazama mkewe.

Walimwita daktari wa zahanati ya karibu, akaja na mkoba wake, akampima mtoto kila mahali. Moyo mzima, mapafu mazima. "Mpelekeni hospitali kubwa apigwe picha," alisema. Wakamwitikia. Wangempitisha wapi? Dirisha lilikuwa na vyuma, na mlango ni ule mmoja. Shangazi akatuma kuuliza mbona hawaji. Saad alienda kazini na kurudi, Ndindi alienda sokoni na kurudi, na Muhiba alisimama kizingitini kila asubuhi akitazama ngazi zikishuka, zile ngazi chafu za simiti alizozipanda siku ya kwanza akihema kwa furaha, akajua kwamba yeye mwenyewe anaweza kuzishuka wakati wowote apendao. Hakuna aliyemzuia. Ni kumwacha mtoto tu.

Hapo ndipo alipomwambia mumewe kweli, habari ya beseni. Saad alishika kichwa.

"Kwa hiyo umemzika mwanangu chooni."

"Sikujua, Saad. Wallahi sikujua kimo majini."

Hakumgombeza tena. Alivaa kofia yake, akaenda Majengo, akarudi na Bi Zaitun, mganga wa mtaa wao wa zamani.

Bi Zaitun alikuwa mwanamke mfupi, mnene, meno mekundu kwa tambuu, aliyepanda ngazi akizilaani moja moja. Hakuuliza mengi. Alinusa ushoroba, akatema tambuu kwenye kitambaa, akasema, "Huyu mwenye nyumba ni wa zamani kuliko mwenye nyumba wenu." Akatia uvumba kwenye chetezo, akamketisha Muhiba mbele ya mlango wa choo, mtoto mapajani, akamfunika leso kichwani, moshi ukampanda. Ndindi na Munyoki walisimama ukutani wakishikana mikono, na Ndindi alikuwa akisali kimoyomoyo sala zake za kanisani.

"Wewe uliye maji," alisema Bi Zaitun. "Una nini na mtoto wa watu?"

Muhiba akasikia kinywa chake kikifunguka. Hakukifungua yeye. Sauti iliyotoka ilikuwa ileile nyororo, na alihisi maji yakimpanda kooni kwa kila neno.

"Si wa watu. Ni wa mji. Mji wake ni huku."

"Ana mama na baba hapa."

"Kitovu chake kimezikwa kwetu. Hatukuiba. Tuliletewa, na maji yake ya kuoga, mtoto safi, asubuhi njema."

"Haikuwa kwa kukusudia."

"Maji hayajui makusudi."

Bi Zaitun akaongeza uvumba. "Nawe ni mama," alisema kwa sauti nyingine, kama wanawake wawili wasemezanavyo kisimani. "Nasikia unaimba. Unamwonea mwenzako. Rudisha."

Kinywa cha Muhiba kikacheka polepole. "Nimekifunga pamoja na cha wangu. Nilitaka wawe ndugu. Vunjeni, mvitoe vyote viwili. Mmoja kimoja, mmoja kimoja. Kitakachozikwa juu, mwenyewe atakuwa wa juu. Kitakachorudi chini, mwenyewe atakuwa wa chini. Na achague mama. Ni mama gani asiyemjua mwanawe? Lakini magharibi isiingie kabla hajachagua. Ikiingia, vyote ni vyangu."

Kisha Muhiba akakohoa, akatapika maji ya baridi sakafuni, yakanuka mvua.

Munyoki alichukua nyundo na patasi. Aliipasua simiti kuzunguka mguu wa bakuli, akisema peke yake, "Nilipitisha waya hapa. Mungu ananiona, nilipitisha waya." Yeye na Saad wakalinyanyua bakuli, wakalilaza kando. Katika kona ya bomba, mahali ambapo waya ulipita bila kugusa kitu, palikuwa na kitu cha ukubwa wa ngumi, cheusi, kama kiota kilichosukwa kwa nywele ndefu. Munyoki akakitoa kwa koleo, akakiweka juu ya gazeti. Bi Zaitun akazifumua zile nywele kwa ncha ya kisu.

Ndani palikuwa na vitovu viwili. Vilitoka majini navyo vilikuwa vikavu kama zabibu. Ukubwa mmoja, rangi moja, kila kimoja kimefungwa uzi mweupe wa hospitali.

"Usichague kwa macho," alisema Bi Zaitun. "Macho yako wale wa chini wameshayaona, wanajua kuyadanganya. Wala usichague kwa kupenda. Shika, utulie, usikilize mwili wako."

Muhiba akashika cha kwanza. Kilikuwa na joto. Kilikuwa laini kiganjani, kama kitu kilichotoka kulala kifuani pa mtu sasa hivi, na moyo wake ukakikimbilia. Akakiweka, akashika cha pili. Hiki kilikuwa cha baridi, baridi ya chuma cha asubuhi, kigumu, kimejikunyata. Alipokishika ziwa lake la kushoto likamchoma kidogo, akadhani ni hofu.

Akarudi kwa cha kwanza. Akarudi kwa cha pili. Nje jua lilikuwa limegusa mapaa, na ushoroba ukaanza kuwa wa kijivu, na kutoka kwenye shimo lililo wazi harufu ya mvua ikapanda na kujaa nyumba nzima, na Zubeiri akaanza kupumua kwa kukwama, na Saad, ambaye alikuwa amepiga magoti kando ya gazeti akimtazama mkewe kwa macho ya mtu anayezama, akasikia sauti ya muadhini akikohoa kwenye kipaza sauti cha msikitini, akijitayarisha, akapiga kelele:

"Chagua, Muhiba! Chagua, mke wangu, kwa haki ya Mungu, chagua!"

"Ngoja kwanza, usimharakishe!" alisema Bi Zaitun.

Lakini ni mama gani ashikaye kitu cha baridi akasema, huyu ndiye wangu?

"Hiki," alisema Muhiba, akakifumbata chenye joto.

Bi Zaitun alimtazama, akashusha macho. Kile cha baridi akakiviringisha tena katika nywele zake, akakirudisha shimoni. Hakikutoa sauti ya kuanguka. Saad akakichukua cha joto kwenye kitambaa cheupe, akashuka ngazi akikimbia, akakizika katika kipande kile cha udongo nyuma ya jengo ambapo Ndindi alikuwa amepanda sukuma wiki. Alipokuwa akifukia, adhana ikaanza.

Juu, Zubeiri akapumua vizuri.

Munyoki akalirudisha bakuli, akalishikiza kwa simiti mpya. Akavuta mnyororo kujaribu. Maji yakashuka kwa kishindo na choo kikameza yote, safi, kwa nguvu, kama choo kipya cha hoteli. Munyoki akakaa kitako sakafuni akaanza kucheka, na Ndindi akacheka, na Saad aliyerudi na udongo kwenye magoti akalia. Hapakuwa tena na harufu ya mvua chooni. Bi Zaitun peke yake ndiye hakucheka. Alikunywa chai yake, akamtazama mtoto kwa mbali bila kumpakata, akaomba asindikizwe kabla giza halijawa kubwa.

Usiku ule Zubeiri alilala chumbani, kitandani, kati ya wazazi wake. Hakulia hata mara moja. Hakuamka kunyonya. Muhiba aliamka na matiti yamekuwa mawe, akampa titi kabla ya alfajiri. Mtoto akafumba midomo, akamtazama. Alimtazama kwa utulivu, kama mgeni anayemshukuru mwenyeji kwa chakula ambacho hali.

"Amechoka," alisema Saad akivaa viatu vya kazi, akambusu mtoto kichwani. "Sote tumechoka. Leo mtoe nje apate jua. Mpeleke kwa shangazi."

Basi asubuhi hiyo, Saad alipokwisha ondoka, Muhiba akavaa buibui, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akafungua mlango. Alisimama kizingitini akiwa amezuia pumzi. Akavuka. Akageuza shingo, akasikiliza. Mtoto alikuwa anapumua, taratibu, nyuma ya shingo yake. Akashuka ngazi, mkono ukutani, mpaka chini, mpaka juani, akafumba macho kwa mwanga.

Ndindi alikuwa akichuma sukuma wiki. Alitupa kapu chini. "Mama Zubeiri! Umetoka jela!" Akaja mbio, akamzunguka, akamtazama mtoto. "Na ametulia, ona! Macho makavu kabisa."

Walikuwa wamesimama nyuma ya jengo, pale ambapo lile bomba nene la choo linashuka ukutani toka ghorofa za juu na kuingia ardhini. Mtu wa juu alivuta mnyororo. Maji yakapita bombani kwa mngurumo, yakaisha. Na nyuma ya maji, mbali, chini, palibaki kilio. Kilikuwa kidogo sana. Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga mwenye njaa, aliyelia usiku kucha na sauti imeanza kukauka.

Maziwa ya Muhiba yakashuka.

Yalishuka yote kwa pamoja, yakalowesha leso, yakalowesha buibui, yakafika tumboni. Ndindi akayaona, akaanza kucheka kama kawaida yake. "Maziwa yako na masikio yake! Haya, ni nani anayelia?" Akachungulia mgongoni kwa Muhiba. Kicheko kikapungua, kikafa. "Lakini huyu... huyu halii."

Muhiba aligeuka, akapanda ngazi, leso ikidondosha matone kwenye kila kidato. Aliingia nyumbani, akafunga mlango, akasukuma komeo. Mgongoni yule mwingine alimpumulia shingoni, pumzi baridi yenye harufu ya mvua ya kwanza. Kwenye mlango wa choo alivua ndara, akaingia kwa mguu wa kushoto kama alivyofundishwa na mama yake, akapiga magoti juu ya simiti ambayo ilikuwa bado mbichi. Akafungua vifungo. Akaliinamia lile bakuli jeupe na kulikamua ziwa lake, tone kwa tone, majini.

Kilio kikanyamaza. Na chini kule, polepole, kikameza.